Ombi la Kumsajili Mjomba Kuwa Chombo cha Akiba cha Ndege

Kwa Mkurugenzi wa Usalama wa Anga,
Ghorofa ya juu kabisa, mlango wenye zulia.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA SETILAITI, PAMOJA NA OMBI LA KUMSAJILI MJOMBA WANGU

Kichwa cha habari hapo juu kinahusika, tena kinahusika sana, na nakuomba usikiruke ukakimbilia sahihi.

Mimi ni rubani na ndimi mwenye kampuni. Kampuni ina ndege moja na ndege ina injini moja, kwa hiyo hesabu zetu hazimchoshi mtu. Tunabeba vifaranga wa siku moja kutoka kwenye mashine ya kutotolesha iliyo jirani na uwanja, magazeti, dawa za hospitali, vipuri vya pampu, na abiria wanne wenye subira. Kaka yangu ndiye fundi. Mama yangu ndiye anayepokea mizigo dirishani na kuwatuliza wateja, ingawa wako wanaosema huwa wanaondoka pale wamechafuka zaidi. Mjomba wangu, kaka yake mama, ndiye anayekaa kiti cha kulia, ubavuni mwangu, na ndiye anayehusika na barua hii kuanzia juu mpaka chini.

Wiki iliyopita alikuja mkaguzi wako mpya, yule mwenye kizibao cha kung'aa. Akazunguka ndege, akachungulia, akaandika, kisha akabandika karatasi nyekundu kwenye pangaboi letu: HAIRUKI. Nilipouliza kulikoni, akasema ndege haina mashine ya setilaiti. Akaeleza kwamba kanuni mpya inataka kila ndege ndogo iwe na mashine ya kuonyesha mahali ilipo, ili siku dira ikifa au sindano ya redio inayoelekeza uliko uwanja ikipotoka, rubani awe na akiba ya kutazamia. Nikamwambia kwa adabu zote kwamba akiba tunayo, tena ya siku nyingi. Akauliza iko wapi. Nikamwonyesha Mjomba, aliyekuwa amekaa palepale kitini akimenya chungwa.

Mkaguzi akacheka. Hakupaswa kucheka, Ndugu Mkurugenzi, maana alikuwa kazini na Mjomba alikuwa anamsikia.

Alipomaliza kucheka akasema jambo ambalo ndilo hasa limenifanya nishike kalamu. Mashine ikishafungwa, alisema, kiti cha kulia kinakaliwa na mwenye leseni tu, ama kinabaki kitupu. Leseni ya Mjomba ilichukuliwa na ofisi yako zamani kwa sababu ya macho. Amekuwa akikaa pale kama chombo, si kama rubani. Kikiingia chombo kingine, yeye anashuka. Basi nakuambia mapema bila kumung'unya maneno, ugomvi wangu uko hapo. Mashine yenyewe hainidai wala siidai. Kinachoniuma ni Mjomba kushushwa, na kinaniuma kweli. Huyu ndiye aliyenifundisha kushika usukani nikiwa bado nakalia mto ili nione nje. Nikiwaza ndege inaruka na yeye kabaki chini, nasukuma sahani pembeni.

Ili mkaguzi wako asije akasema nimeropoka, malalamiko yangu nimeyapa namba.

1. Kuhusu kubadilikiwa ghafla. Mkaguzi wa zamani, yule mzee aliyestaafu, alikuwa akija kila mwaka na swali lilelile: akiba ipo? Nami nilikuwa nikimwonyesha Mjomba. Mkaguzi alikuwa akimgonga begani mara mbili kwa ncha ya kidole, kama anavyogonga kipimo cha mwinuko kuona kama mshale wake unacheza. Mjomba alikuwa akisema naam. Mkaguzi alikuwa akiitikia kwa kichwa, anaweka alama ya vema, anakwenda kwenye matairi. Sasa nauliza kwa heshima: kama Mjomba hakuwa chombo, ofisi yako ilikuwa ikigonga nini miaka yote ile? Na kama alikuwa chombo jana, leo kageuka mtu kwa amri ya nani?

2. Kuhusu namba ya kiwanda. Mkaguzi alipoona sitanii, akaamua kunikomoa kwa maswali. Akataka ajue chombo kimetengenezwa wapi, na nani, lini, na namba yake ni ipi. Nilijibu yote. Kimetengenezwa na babu na bibi yangu, hapa hapa nyumbani, bila kuagiza kitu nje. Watengenezaji wote wawili wameshatangulia mbele ya haki, hivyo chombo cha namna hiyo hakitolewi tena, na hilo tu lingetosha kukifanya kitunzwe. Mwaka wa kutengenezwa una utata, kwa kuwa cheti kinasema hivi na bibi alikuwa akisema vile, lakini nimezoea kumwamini bibi, yeye alikuwepo. Namba hana. Nilipendekeza tumpe moja, akakataa Mjomba mwenyewe, akisema mtu mwenye namba mgongoni ni mchezaji au mfungwa na yeye magoti hayamruhusu kucheza.

3. Kuhusu jinsi anavyofanya kazi. Hapa naomba usome polepole, kwa sababu mkaguzi wako hakusikia polepole. Alidhani mimi setilaiti siijui, akachora kwa kidole kwenye vumbi la bawa letu. Akachora duara moja, akasema setilaiti ya kwanza inajua uko mbali nayo kiasi gani lakini haijui uko upande gani. Akachora la pili, akachora la tatu. Yote matatu yanapokutana, akasema, hapo ndipo ulipo. Nilimwacha amalize, maana nimelelewa. Kisha nikamwambia kwamba hao aliowachora ni mama zangu.

Nieleze. Mjomba ana dada watatu. Mama yangu mzazi yuko hapa uwanjani. Mama Mkubwa anaishi mji wa pili, nyuma ya hospitali. Mama Mdogo amejenga mji wa tatu, karibu na kiwanda cha matofali. Mawingu yakifunga na dira ikaanza kubishana na sindano ya redio, Mjomba hutoa simu akawapigia mmoja baada ya mwingine na kuwauliza neno moja: mnatusikia? Mama Mkubwa akisema anatusikia kwa nguvu mpaka vyombo vinatikisika kabatini, Mjomba anajua umbali. Mama Mdogo akisema anasikia kitu kama nzi ndani ya glasi, anajua umbali. Mama akisema hasikii lolote na aachwe, ana foleni dirishani, huo nao ni umbali. Mjomba anafumba macho, anakutanisha maduara yake, anasema tulipo. Sisi tulikuwa na mpango huu kabla ya kanuni yenu, ila hatukuuita jina.

Mkaguzi akadhani amenipata, akasema setilaiti hazitoshi tatu, inatakiwa ya nne kusahihisha saa ya mashine, kwa sababu saa ya mashine si ya kutegemea. Nikamwambia saa ya Mjomba nayo si ya kutegemea, inachelewa tangu harusi yake, na ndiyo maana mke wake humpigia kila safari kumuuliza kama anajua ni saa ngapi. Mkaguzi akafuta vumbi kwa kiganja akaenda kutazama tairi ambalo alikwisha kulitazama.

4. Kuhusu masharti ya chombo. Mkaguzi alinisomea masharti na mimi nikawa namjibu. Kanuni inasema akiba isitegemee umeme wa ndege. Mjomba anatumia chai na mkate, na chupa ya chai ni yake mwenyewe. Kanuni inasema akiba isifuate vyombo vingine, ijitegemee kimawazo. Namkaribisha yeyote ajaribu kumfanya Mjomba afuate mawazo ya mtu. Kanuni inasema akiba ionekane na rubani bila kugeuza shingo. Mjomba ni mpana, anaonekana hata nisipotaka. Kanuni inasema akiba ifungwe kwa skrubu nne. Kiti chake kina skrubu nne, kaka amezikaza mbele ya mkaguzi, na Mjomba amefunga mkanda juu yake. Kanuni inasema chombo kizuri kimwonye rubani pale kisipojiamini. Mjomba asipojiamini hupandisha sauti. Akisema jambo taratibu, tunalifuata. Akilisema kwa kelele, tunazunguka mara moja zaidi.

Sharti moja tu lilitushinda, na nalikiri kwa moyo mweupe. Mkaguzi alitaka kuona swichi ya kumzimia. Dada zake wanaitafuta tangu utotoni.

5. Kuhusu macho. Najua faili la Mjomba liko ofisini kwako na najua limeandikwa nini. Nataka tu lisomwe kwa haki. Mjomba anaona mbali vizuri sana. Karibu ndiko haoni. Namba za kwenye dashibodi hazisomi, wala herufi za gazeti, na juzi alimsalimia mtungi wa gesi uliovishwa koti la kaka. Lakini mlima ulio upande wa pili wa bonde anakuambia una mbuzi wangapi weusi. Sasa Ndugu Mkurugenzi, sisi tunakokwenda ni mbali. Karibu tunakwenda kwa miguu. Mwenye kuona mbali kanyimwa leseni ya kwenda mbali, na mimi mpaka leo sijapata mtu wa kunieleza mantiki yake nikatulia.

6. Kuhusu lile tukio la paa. Mkaguzi alilichimbua kwa watu wanaotuonea kijicho, na kwa kuwa lazima litafika kwako, bora lifike kwa mkono wangu. Mashine ya setilaiti, alisema, huongezewa habari mpya kila mwezi, viwanja vipya, minara mipya. Mjomba anapataje habari mpya? Nikamwambia kwa kinyozi. Kule anajua nani amejenga, nani amebomoa, nani ameezua. Ni kweli, mara moja habari zilichelewa. Kulikuwa na mwenye duka la mbao aliyepaka paa lake rangi ya buluu bila kumwambia mtu, na Mjomba alikuwa akilitegemea likiwa jekundu. Tukatua mji ambao si wetu, tukiwa na maboksi ya vifaranga.

Lakini tutazame matokeo bila ushabiki. Tulitua salama. Watu wa pale walitupokea kwa furaha, maana walikuwa hawajapata ndege muda mrefu. Vifaranga walinunuliwa wote papo hapo na leo ni kuku wenye afya. Tulipata abiria watatu waliokuwa wamekata tamaa ya kusafiri. Mteja wetu wa awali alifoka, hilo silifichi, lakini mji ule sasa uko kwenye ratiba yetu kila wiki. Nauliza, ni setilaiti gani iliyowahi kumfungulia mtu soko jipya? Mashine ingetupeleka tulikokuwa tunakwenda, basi, ikaishia hapo.

7. Kuhusu jaribio. Maneno yalipozidi nilimwambia mkaguzi aje na mashine yake tupande wote, tuone nani ni nani. Akakubali. Karatasi nyekundu ikabanduliwa kwa muda na kuwekwa kwenye bahasha. Mkaguzi akakaa nyuma na mashine mapajani, Mjomba akakaa mahali pake, mimi nikaondoa ndege.

Tulipokaribia mji wa tatu tukaingia kwenye wingu zito, kila dirisha likawa jeupe. Nikazima sindano ya redio kama tulivyokubaliana. Dira nikaifunika kwa kitambaa. Mjomba akawapigia dada zake, na hapo ndipo mtandao wa simu ulipokufa, wote watatu hawapatikani. Nilishika usukani kwa mikono miwili, nakiri. Nikasikia mkaguzi anakohoa kwa namna ya mtu aliyeshinda. Mjomba hakutikisika. Aliinamisha kichwa, akawaza kidogo, kisha akasema taratibu kabisa kwamba kiwanda cha matofali kiko chini yetu, mkono wa kushoto kidogo, na kwamba nishuke bila wasiwasi. Nikamtazama mkaguzi. Mkaguzi akaitazama mashine yake, akaitikisa, akaitazama tena. Ilikuwa inasema hivyohivyo, hata ile kushoto kidogo.

Tulipotua nilimuuliza Mjomba amejuaje bila dada zake. Akanijibu kwamba mtu akikaa na kazi muda mrefu, kazi inamwingia mwilini. Maneno hayo nayawasilisha kwako kama ushahidi wa kitaalamu. Mashine inataka setilaiti nne zizunguke dunia. Mjomba siku ile hakuwa na dada hata mmoja, na akapata jibu lilelile. Mkaguzi wako alitoka ndani ya ndege, na karatasi nyekundu akairudisha palepale kwa gundi ileile, eti jaribio moja si takwimu.

8. Kuhusu takwimu. Mkaguzi aliniomba ushahidi kwamba ndege yetu ni salama zaidi Mjomba akiwemo kuliko asipokuwemo. Hili ni swali zuri na nimelifanyia kazi kwa uaminifu. Tatizo ni kwamba sijawahi kuruka kiti kile kikiwa kitupu, hata mara moja, tangu nipate leseni. Kwa hiyo sina cha kulinganisha nacho.

Mkaguzi akasema hilo ni jambo jepesi. Ataniachia mashine yake, niruke peke yangu mpaka mji wa pili na kurudi, na nikirudi ataondoa karatasi siku hiyohiyo. Nashukuru kwa nia yake njema. Kwa bahati mbaya siku hiyo hali ya hewa niliiona mbaya. Yeye aliiona nzuri, akanionyesha mbingu, akasema hakuna wingu hata la kufutia kioo. Hayo ni maoni yake. Isitoshe tumbo halikuwa sawa, kulikuwa na magazeti ya kupanga, na upepo ulikuwa na sura ya kugeuka. Rubani mwenye busara haondoki tu kwa sababu ameambiwa aondoke. Naomba jambo hili lisitumike dhidi yangu, na sioni sababu ya mkaguzi kuliandika kwenye ripoti yake na kulipigia mstari.

9. Kuhusu nini kifanyike. Sikuandika ili kulalamika tu, nimekuja na suluhisho. Naomba Mjomba asajiliwe rasmi kuwa chombo cha akiba, apewe kibandiko cha ofisi yako, nasi tutakibandika kwenye mfuko wa koti ili asiende nacho bafuni. Naomba pia dada zake watambuliwe kuwa ni mitambo ya usalama wa anga. Wasihame nyumba bila taarifa. Mama Mkubwa akialikwa harusini, marubani wote watangaziwe kwamba siku hiyo hatapatikana. Mama Mdogo ana jirani anayefungulia muziki mpaka sahani zinacheza, na muziki ule unatuharibia duara la tatu. Naomba jirani huyo aandikiwe barua na ofisi yako kwa kuingilia mawasiliano ya ndege. Mama yangu hahitaji lolote, ila mumwambie kwa maandishi kwamba kumkatia Mjomba simu katikati ya wingu ni kosa.

Mpango huu ukifanikiwa, na sioni utashindwaje, uenezwe kwa kampuni nyingine. Kila ndege iwe na mjomba wake. Rubani asiye na mjomba aazimwe. Mwenye wajomba wawili atoe mmoja kwa maslahi ya umma. Ofisi yako ifungue chuo cha wajomba, na Mjomba wangu yuko tayari kuwa mkuu wa chuo, mradi asianze kazi kabla ya chai. Ndege kubwa zenye abiria wengi ziwe na wajomba wawili wasioelewana, ili mmoja akipotoka mwingine afurahi kumsahihisha. Na badala ya nchi kufikiria kurusha setilaiti angani, itafute sehemu zisizo na shangazi wala mama mkubwa wa mtu yeyote, ipeleke huko wanawake wenye masikio mazuri na iwajengee nyumba.

Kama baada ya yote haya bado mnataka setilaiti, sina ukaidi. Iwekwe. Lakini iwekwe nyuma, pamoja na vifaranga, iwe akiba ya Mjomba, na ikae kwenye majaribio mpaka Mjomba mwenyewe aseme imefuzu. Kiti cha kulia kiachwe kama kilivyo. Hilo ndilo ombi langu la kwanza na la mwisho, na hayo mengine yote unaweza kuyapunguza ukipenda.

Ndege iko bandani, Ndugu Mkurugenzi. Dawa za hospitali zinakwenda kwa barabara na zinachelewa. Kaka anaosha injini isiyochafuka. Mama amebaki dirishani hana mteja wa kumtuliza. Mjomba kila asubuhi anakwenda kukaa kwenye kiti chake ndani ya banda, anafunga mkanda, na mimi nakaa changu, tunakunywa chai tukitazama ukuta. Sina neno la kiofisi la jambo hilo. Linanisikitisha tu.

Barua hii anaileta Mjomba mwenyewe kwa mkono, ili umwone alivyo mzima na usimhukumu kwa karatasi.

Nisalimie mama watoto na watoto wote, yule mwenye kikohozi apewe pole. Salamu kwa katibu wako muhtasi, kwa mlinzi wa getini anayetufungulia hata tukisahau vitambulisho, kwa dereva, kwa mhudumu wa chai, na kwa wote walio chini ya zulia lako na juu yake. Mkaguzi naye nisalimie, ingawa kwa ufupi.

Nabaki mtiifu kwako katika mambo yote isipokuwa namba 8,

Rubani, mwenye kampuni, na mpwa wa chombo kinachohusika.

NYONGEZA (kwa mkono mwingine, herufi kubwa kubwa):

Ndugu Mkurugenzi, ni mimi Mjomba. Nimepewa barua niilete, nimeifungua hapa kwenye benchi la nje ya ofisi yako. Niwie radhi kwa mwandiko, karibu sioni.

Fungeni hiyo mashine. Mimi tangu mwaka juzi natazama setilaiti kwenye simu. Nimekuza maandishi mpaka mji mmoja unajaza kioo kizima. Hata siku ya jaribio ndiyo niliyoinamia, maana yenyewe haihitaji mtandao. Dada zangu nawapigia kwa sababu napenda kuwasikia. Dada mkubwa yeye hasikii hata mlango ukigongwa, hujibu tu anachodhani nataka.

Kile kiti sikukikalia kumwonyesha njia mpwa wangu. Njia anaijua. Ni rubani mzuri kuliko nilivyokuwa mimi nikiwa na macho yangu yote. Ila anaogopa kuruka peke yake. Hajaniambia, na mimi sijamwambia kwamba najua. Nilisema nikae naye mpaka uoga umtoke. Nimesoma barua yote hii hapa bencheni, nimeipiga picha na kuikuza kwenye simu, namba moja mpaka tisa, nikaona kwamba hautamtoka mimi nikiwa pale.

Kwa hiyo Alhamisi nitaumwa mgongo. Mleteni mkaguzi asubuhi, afunge mashine, abandue karatasi. Maboksi ya vifaranga yatakuwa yamepakiwa, nimeshasema na watu wa mashine ya kutotolesha, na vifaranga wa siku moja hawangoji mjomba wa mtu apone. Mpwa wangu atatafuta sababu. Atasema hali ya hewa, atasema tumbo. Msibishane naye, mwacheni amalize, kisha mfungieni mlango wa ndege. Akiuliza kama naumwa kweli, semeni mmeniona nimelala, hata kugeuka siwezi.

Mimi nitakuwa nyuma ya banda, nimesimama.